Atakayeeleza Ugonjwa wa Mama Esnah

Mzee Onyiego wa kanisa la kilimani hakubisha hodi. Aliingia na viatu vyake vya matope, akapita katikati ya waombolezaji hadi kwenye kiti cha marehemu, kile chenye mto wa kitambaa cha maua, akakikalia. Tangu Mama Esnah afariki hakuna aliyekuwa amekalia kiti kile. Hata Haron, kitindamimba wake na mwenye nyumba, alikuwa akikipita kwa adabu.

"Poleni tena," alisema mzee. "Nimewaletea habari njema. Kanisa limekubali kutoa kila kitu. Hema, viti, vipaza sauti, kwaya. Na pikapu ya kuvibeba tumepata."

Haron alishusha pumzi. Alikuwa shemasi wa kanisa hilo la kilimani, na yeye ndiye aliyetunza ufunguo wa stoo ya viti. Kila kulipokuwa na mazishi upande huu wa Ekerenyo, yeye ndiye aliyevipanga, akavifuta matope, akavirudisha jioni watu wengine wakiwa wamekwenda kulala. Sasa zamu ilikuwa yake. Kaka yake, Nyakundi, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Kisii, alitabasamu kana kwamba yeye ndiye aliyeviomba.

"Liko jambo moja tu," Onyiego aliendelea. "Niitieni mke wa Haron."

Watu walitazamana. Walijua jambo lenyewe.

Kwa watu wa huku maiti haishuki kaburini kabla ugonjwa haujaelezwa. Mtu husimama kando ya jeneza akasema marehemu alianza kuumwa lini, aliumwa wapi, alipelekwa hospitali gani, na neno lake la mwisho lilikuwa nini. Na anayeeleza ni yule aliyemuuguza, si mwingine. Asiposimama, hakuna atakayemuuliza papo hapo. Wataulizana wenyewe njiani wakirudi makwao anaficha nini. Wako wanawake katika vijiji hivi walionyamaza mazishini kwa sababu ya haya tu au machozi, na hadi leo watoto wa jirani hawatumwi kwao kuomba chumvi.

Celestine aliingia akifuta utomvu wa ndizi mikononi. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye mgongo uliopinda kidogo kwa kubeba kikapu cha majani chai na kwa kumwinua mama mkwe tangu kiharusi kilipomwangusha miaka mitatu nyuma. Hakuna aliyempisha kiti. Alisimama karibu na mlango.

"Mama Lavender," alisema Onyiego, "tunasikia bado uko na wale Wamormoni wa mjini."

"Bado niko, Mzee."

"Wale watoto wenye mashati meupe."

Ndio, wale. Aliwapata sokoni Daraja Mbili, vijana wawili waliomsaidia kushusha mikungu ya ndizi na hawakuomba hata moja. Vifuani walikuwa na vibandiko vya majina, na kila mmoja aliitwa Mzee Fulani ingawa ndevu zilikuwa hazijamwota. Nadhani hilo ndilo lililomchoma Onyiego kuliko mafundisho yao yote. Yeye alisubiri mpaka akatoka mvi ndipo akaitwa Mzee, na hapo alikuwa amepiga kampeni.

"Nijibu mbele ya watu," alisema. "Ni kweli unaamini Mungu ana mwili?"

Celestine alimtazama mumewe. Haron alikuwa akitazama sakafu.

"Naamini Baba ana mwili," alisema. "Wa nyama na mifupa, lakini wa utukufu, hauzeeki wala haufi. Mwana naye ana wake. Roho Mtakatifu hana mwili wa nyama, ni roho. Ni watatu, kila mmoja mwenyewe, na nia yao ni moja."

"Miungu mitatu!"

"Sisi tunasema Uungu mmoja, Mzee."

"Na kucha anazo? Huyo Mungu wako anakatwa kucha na nani?" Onyiego aliwageukia watu. "Anakula obokima, ugali huu wetu? Anakohoa?"

Watu walicheka. Walicheka nyumbani mwa msiba, mbele ya picha ya marehemu, na Nyakundi alicheka pamoja nao.

"Yesu alifufuka akala samaki," Celestine alisema polepole. "Na aliwaambia wamguse. Sijui lini aliuvua ule mwili. Kama Mwana anao na hauonei aibu, mimi sioni aibu kusema Baba anao."

Kicheko kilikatika. Wanawake wawili waliinua macho wakamtazama vizuri kwa mara ya kwanza siku hiyo. Onyiego aliliona hilo, na hakulipenda.

Sisemi nani alikuwa sahihi kuhusu Mungu. Watu wenye elimu kubwa wamebishana jambo hili karne kwa karne na hawajamaliza. Lakini nasema ni aibu, aibu tupu, kwamba siku ile liliamuliwa na mtu kwa sababu tu alikuwa na viti vya kuazimisha. Mwaka uliotangulia, Lavender, binti wa Celestine, alimuuliza mzee huyohuyo darasani kanisani nafsi tatu zinawezaje kuwa Mungu mmoja. Akamjibu kwa mfano wa yai. Msichana alipouliza Baba ni ganda au ni ute, alitolewa nje.

"Sikiliza," alisema Onyiego. "Siku ya mazishi, kabla ya ibada, utasimama useme umepotoka. Useme Mungu ni Roho, hana mwili, ni mmoja. Maneno machache tu. Ukisema, utaeleza ugonjwa wa mama yenu kama desturi. Usiposema, ataeleza Nyakundi. Na ukilazimisha, tunaondoa vyombo vyetu."

"Nyakundi hakuwepo," alisema Celestine.

"Nitaelezwa," Nyakundi alidakia. "Shemeji, usituharibie. Nina wageni wanatoka mjini, wafanyabiashara wenzangu. Unataka wakae kwenye nyasi?"

Kila mtu alimgeukia Haron. Alikohoa, akasema, "Tutaongea naye."

*

Hawakumfukuza jikoni. Wangemfukuza, angalau angepata la kujibu. Wanawake wa kanisa walifika na sufuria zao, wakawasha moto wao kando ya zizi, na kila Celestine alipokaribia wakamwambia kwa upole, "Pumzika tu, dada, umechoka sana." Mboga ya chinsaga aliyokuwa amepika tangu asubuhi ilibaki jikoni imefunikwa. Hakuna aliyekuja na sahani. Mchana mbwa alipewa.

Alikwenda shambani kwa majani chai, akasimama katikati ya mistari bila kikapu. Huko ndiko Mong'ina alikomkuta. Mong'ina alikuwa kiongozi wa egesangio yao, kile kikundi cha wanawake kinachochuma kwa zamu, leo shamba la huyu, kesho la yule. Alikuwa Mkatoliki, mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde.

"Umesikia wanasema nini kule barabarani?" aliuliza.

"Sema tu."

"Wanasema ati unaogopa kueleza. Ati ulimwombea mama maombi yenu ya ajabu, ukakataa asipelekwe hospitali. Mmoja amesema ati ulimnyima chai kwa sababu nyinyi hamnywi."

Celestine alicheka, kisha kicheko kikageuka machozi. "Nilimnywesha chai kwa kijiko kila asubuhi, Mong'ina. Ya maziwa. Mimi mwenyewe siigusi, lakini yake niliipima kwa mkono isije ikamuunguza."

"Mimi najua. Na wengine? Ukinyamaza, hiyo maneno itakaa hapa mpaka Lavender aolewe. Itamfuata hata huko." Mong'ina alichuma jani akalitupa. "Si useme tu anachotaka? Mimi Utatu nausema kila Jumapili na sijawahi kuuelewa. Sema, ueleze ugonjwa, halafu moyoni ubaki na yako."

Lavender alimwambia hayohayo walipokuwa wakiteka maji. Alikuwa amerudi kutoka chuoni Nairobi kwa ajili ya mazishi, na hasira zilikuwa zimemjaa.

"Mathe, si uwape tu hiyo sentensi? Huyo mzee ni wa kiki tu. Unamchezea, inaisha, tunazika Magokoro vizuri. Mungu anajua huimaanishi."

"Mungu anajua," alisema Celestine. "Na yeye Magokoro, bibi yako?"

Aliweka mtungi chini. Hakuwahi kumwambia mtu yeyote habari hii, wala hata Haron, maana Haron siku hizo alikuwa akiwahi kutoka nyumbani na kuchelewa kurudi ili asimwone mama yake akigeuzwa kama mtoto.

"Bibi yako, ule mkono wa kushoto ulipokufa, aliuchukia. Nikimwogesha alikuwa anasema, uache, huo si wangu, hiyo ni nyama tu. Siku moja akaniuliza, Celestine, huko ninakokwenda, nitakuwa moshi? Upepo? Nikamwambia, hapana, Mama. Baba mwenyewe ana mikono. Hawezi kuudharau wako. Utafufuka nao ukiwa mzima, na utashika kitu. Kesho yake nilipokuja na beseni, akaunyanyua mwenyewe kwa ule mzuri, akanipa niuoshe. Kila siku baada ya hapo alinipa mwenyewe."

Celestine aliuinua tena mtungi.

"Sasa nisimame kando ya jeneza lake niseme nilimdanganya? Kwa sababu ya hema?"

*

Siku ya mazishi jua liliwaka vizuri asubuhi, kama linavyofanya huku kabla ya mvua ya alasiri. Hema la buluu lilisimama uani, viti vyeupe vikapangwa mistari. Haron alivipanga mwenyewe. Wageni wa Nyakundi walikalishwa mbele na kupewa maji ya chupa. Bikizee mmoja, dada ya marehemu aliyetoka Nyaramba, alipata kiti nyuma karibu na nguzo, na Celestine hakupata chochote. Alikaa kwenye gogo nyuma ya jiko, alipoweza kusikia bila kuonekana.

Onyiego alifungua kwa maombi marefu. "Ee Bwana," alisema kwenye kipaza sauti, "inamisha sikio lako. Fungua macho yako utuone. Nyosha mkono wako umpokee mama yetu, umfute machozi kwa kidole chako." Wote wakaitikia amina. Hakuna aliyemuuliza huyo Bwana wake anakatwa kucha na nani.

Kisha Nyakundi akaitwa kueleza ugonjwa. Alirekebisha tai.

"Mama yetu," alianza, "aliugua kwa muda mfupi. Tulimpeleka hospitali nzuri. Tulifanya yote ambayo familia inaweza kufanya. Kiharusi, kama mnavyojua, kilimshika upande wa kulia, mkono huu…"

"Mkono upi?"

Sauti ya Mong'ina haikuhitaji kipaza sauti. Nyakundi alisimama na mkono wake wa kulia hewani.

"Huu. Wa kulia."

Mnong'ono ulianzia kwa wanawake wa egesangio ukaenea hadi barabarani. Kila jirani aliyewahi kumsalimia Mama Esnah kwa miaka hiyo mitatu alijua aliinua mkono upi kuitikia. Hata watoto walijua.

"Na muda mfupi ndio upi?" Mong'ina aliendelea. "Neno lake la mwisho lilikuwa nini?"

"Alisema… alitubariki. Alitubariki sisi sote."

"Alipokufa wewe ulikuwa wapi?"

"Mama, kaa chini!" Onyiego alifoka.

Nyakundi alimtazama ndugu yake. Macho yalimwomba Haron kama mtoto aliyeshikwa akidanganya mwalimu. Na Haron, ambaye juma zima alikuwa amemeza maneno kama mtu anayemeza dawa, aliinuka. Alikwenda hadi mbele lakini hakuchukua kipaza sauti.

"Ndugu yangu hajui," alisema. "Na mimi pia sijui yote. Nilikuwa natoroka. Sikuweza kumwona mama vile." Alifuta uso kwa kiganja. "Anayejua tumemkalisha nyuma ya jiko. Celestine. Njoo ueleze."

Alikuja. Kanga yake ilikuwa na majivu. Onyiego alijitupa mbele yake akaweka kiganja juu ya kipaza sauti.

"Kwanza aseme tulichokubaliana."

"Mimi sikukubali kitu, Mzee."

"Basi zimeni! Zimeni mtambo!"

Ukazimwa. Celestine akageukia watu na kuanza kueleza kwa sauti yake ya kawaida, na waliokuwa nyuma wakasogea mbele ili wasikie.

"Ilikuwa mkono wa kushoto," alisema. "Alianguka akimwaga maji ya ng'ombe. Tulimpeleka hospitali, akalazwa, akarudi. Dawa alikunywa zote. Chakula alikula, mpaka miezi ya mwisho akawa anakula uji na chai tu…"

"Vijana!" Onyiego aliita. "Kusanyeni vyombo vya kanisa!"

Nisingeamini kama nisingeambiwa na walioona. Vijana wa kwaya, wakiwa na sare zao, waliingia katikati ya mistari wakaanza kukusanya viti. Walianza na vitupu. Vilipokwisha walisimama mbele ya watu wazima wakasema, "Samahani," na watu wakainuka mmoja mmoja. Wageni wa Nyakundi waliinuka wakiwa na chupa zao mkononi, wakatembea kuelekea magari yao bila kuaga. Kamba za hema zikalegezwa. Turubai ikashuka juu ya jeneza, ikavutwa, ikaburutwa kwenye matope, na anga ikaonekana ilivyokuwa nyeusi.

Celestine hakuacha. Alieleza usiku wa homa. Alieleza vidonda vya mgongo na jinsi walivyovikausha. Matone ya kwanza yalipoanguka, baadhi ya watu walikimbia, na sitawalaumu. Lakini Mong'ina alikwenda kwenye migomba, akakata majani mapana, akarudi akiyagawa, na wanawake wa egesangio wakajifunika wakasimama palepale. Bikizee wa Nyaramba tu ndiye aliyebaki ameketi. Vijana waliona haya kumwinua.

"Neno lake la mwisho," alisema Celestine, na sasa alilazimika kupaza sauti juu ya mvua, "alinipa ule mkono mbaya. Akasema, ushike vizuri, huu ninakwenda nao. Ndiyo hayo tu. Sina lingine nililoficha."

Mvua ilipiga majani ya migomba. Desturi inataka mtu aulize, na kwa kuwa mzee wa kanisa alikuwa amekwenda, aliuliza Mong'ina.

"Mmesikia?"

"Tumesikia," watu walijibu.

"Kuna mwenye swali?"

Hakuna aliyekuwa na swali. Waliokuwa wakinong'ona barabarani juma zima walikuwepo, wameloa chapachapa, na walitikisa vichwa pamoja na wengine. Nyakundi naye alitikisa kichwa, tai imemganda kifuani.

Walishusha jeneza kwa kamba zilizoteleza. Haron alishika jembe la kwanza, akainua udongo, na hapo honi ikapigwa kule barabarani. Ikapigwa tena, ndefu. Pikapu ilikuwa imeegeshwa kwenye kona, na kijana mmoja akapanda mbio kutoka huko, akasimama mbali, hakuthubutu kukaribia kaburi.

"Mzee anasema kimebaki kimoja," alisema.

Bikizee wa Nyaramba alisikia. Aliinuka kwa shida, akiegemea bega la Lavender, akakisukuma kiti kwa mguu. "Mpelekeeni," alisema. "Dada yangu amelala chini, nami nitasimama."

Haron aliweka jembe chini. Alikichukua kiti kile, akakifuta matope kwa mkono wa shati kama alivyozoea, akateremka nacho kwenye utelezi hadi barabarani. Mzee Onyiego alikuwa ndani ya pikapu, kioo kimepandishwa. Nyuma yake viti vyote vilikuwa vimepangwa vizuri na kufunikwa kwa hema. Vilikuwa vikavu. Hakuna hata kimoja kilichoguswa na tone.

Haron alifunua turubai, akakiingiza cha mwisho, akafunika. Kisha akagonga kioo. Kilipoteremka kidogo, alipitisha ufunguo wa stoo katika upenyo ule.

"Haron, mwanangu," alisema Onyiego, "unaliacha kanisa kwa sababu ya Mungu wa mke wako?"

"Sijasema naamini anachoamini," Haron alijibu. "Huyo Mungu wake bado simjui. Lakini alimwosha mama yangu."

Mzee alifungua kinywa aseme zaidi. Haron hakumsubiri. Alikuwa amekwisha kumpa kisogo, anapanda mlima mbio, akiteleza na kushika nyasi, maana kaburi lilikuwa wazi na mama yake alikuwa akinyeshewa.